Mtoto Asiyetulia: Je, Ni Wangu Peke Yake?

Popote ulipo, uwe jikoni Othaya ukichemsha chai ya watoto wa shule, uwe unafungua kibanda chako sokoni Karatina, au uko ndani ya matatu kutoka Nanyuki kuja Nyeri mjini, kaa nasi kwa dakika chache. Na kama kuna shosho hapo karibu anayelea wajukuu, mwite naye asikilize, kwa sababu mazungumzo ya leo yanamhusu sana.

Leo tunazungumza juu ya mtoto asiyetulia. Unamjua. Ukimtuma dukani alete chumvi na kiberiti, anarudi na kiberiti peke yake, au harudi kabisa kwa sababu amekuta wenzake wanacheza mpira. Akianza kazi ya shule, mstari wa pili haumalizi. Sweta imepotea, kiatu kimoja kimepotea, na penseli ndiyo usiseme. Kanisani ameshaingia chini ya benchi kabla mahubiri hayajaanza. Mwalimu amekuita mara tatu muhula huu. Jirani anakuambia, "Mama, huyo mtoto umemdekeza." Na mama mkwe anakukumbusha ule msemo wetu: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Msemo huo una ukweli wake, lakini umewaliza kina mama wengi bila sababu. Wapo watoto ambao kutotulia kwao hakukuanzia kwenye malezi. Madaktari huiita hali hiyo kwa herufi nne, A-D-H-D. Sisi katika kipindi hiki tutasema hali ya kukosa umakini na utulivu. Mtoto mwenye hali hii hawezi kushika jambo moja kwa muda unaofaa umri wake, au hawezi kutulia na kungoja zamu yake, au yote mawili kwa pamoja. Si kwamba hataki. Ukimwangalia vizuri utaona anajaribu, tena anajaribu sana, halafu anashindwa, halafu anachapwa.

Kule kliniki, mama akishaeleza haya yote huwa ananyamaza kidogo, kisha anauliza kwa sauti ya chini, "Sista, ni wangu peke yake?"

Hapana, mama. Si wako peke yako. Na leo nataka tuhesabu pamoja ili uone.

Mwaka 2007 wataalamu walikusanya tafiti zaidi ya 100 kutoka nchi nyingi za dunia, zenye watoto na vijana zaidi ya 170,000. Walipojumlisha, walikuta kwamba katika kila watoto 100, wapatao 5 wana hali hii. Mwaka 2020 wengine walikusanya tafiti za Afrika peke yake, wakapata kama 7 au 8 katika kila 100. Mjini Kinshasa, kule Kongo, watafiti waliwaangalia watoto wa shule za msingi zaidi ya 1,000, wenye umri wa miaka 7 hadi 9, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2005 yalikuwa 6 katika kila 100. Hapa kwetu Kenya, utafiti uliotolewa mwaka 2015 uliwapima watoto 240 wa miaka 6 hadi 12 waliofika katika hospitali moja kubwa ya Nairobi. Waliokuwa na dalili hizi walikuwa pia kama 6 katika kila 100.

Sasa tuyalete mahesabu haya nyumbani. Chukua darasa la watoto 50, na sote tunajua shule ambazo 50 ni darasa dogo. Ukitumia hesabu ya dunia, humo ndani mna watoto wawili au watatu wa namna hii. Ukitumia ile ya Afrika, wanakaribia wanne. Katika shule ya watoto 400, ni kati ya 20 na 30. Kwa hiyo mwalimu akikwambia, "Katika miaka yangu yote sijaona mtoto kama wako," mwalimu huyo amewaona wengi. Labda aliwaita kwa jina lingine: mtundu, mvivu, kichwa ngumu.

Tena zamani wengi wao hawakuonekana kabisa. Mtoto akishindwa kukaa darasani alirudishwa nyumbani, akaenda kuchunga ng'ombe au kuchuma kahawa, na mambo yakaishia hapo. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, wakati wa Rais Mwai Kibaki, madarasa yalijaa. Mtoto huyu akawa ndani, amebanwa na wenzake watatu kwenye dawati moja, mwalimu mmoja, kelele nyingi. Hapo ndipo shida yake ilipojitokeza wazi.

Utasikia hesabu nyingine zinazotisha zaidi, na ni vizuri ujue kwa nini hazilingani. Marekani, mwaka 2022, wazazi walipoulizwa kama daktari amewahi kuwaambia mtoto wao ana hali hii, waliojibu ndiyo walikuwa 11 katika kila 100, yaani watoto milioni 7 hivi. Kule mtoto hufikishwa kwa daktari upesi, na jina hutolewa upesi pia. Wako hata wenyewe Wamarekani wanaosema linatolewa upesi mno. Mulago, Kampala, nako walipata 11 katika kila 100, lakini hao walikuwa watoto ambao tayari wanahudhuria kliniki za magonjwa ya ubongo na ya akili. Ni kama kuhesabu wenye kikohozi ukiwa umesimama mlangoni mwa kliniki ya kifua. Na ukitumia kipimo kikali, kile kinachodai mtoto awe amekosa umakini na utulivu kwa pamoja na kwa kiwango kikubwa, hesabu inashuka mpaka 1 au 2 katika kila 100. Watoto ni wale wale. Kinachobadilika ni kipimo, na mahali unaposimama ukihesabu.

Kuna jambo moja katika hesabu hizi ambalo linaniuma, nalo ni la wasichana. Katika tafiti za Afrika, wavulana wenye hali hii ni kama mara mbili ya wasichana. Lakini hospitalini wavulana wanaoletwa huzidi hata hapo. Wale wasichana wengine wako wapi? Wamekaa darasani, karibu na dirisha, kimya. Msichana mara nyingi harukiruki. Yeye akili yake inatoka tu ikaenda zake. Mwalimu anaandika ubaoni, yeye anaangalia mawingu juu ya mlima. Hasumbui mtu, kwa hiyo hakuna anayemwita mama yake. Ripoti ya mwisho wa muhula inaandikwa "aongeze bidii", mwaka huu na mwaka ujao, mpaka msichana mwenyewe anaamini kwamba yeye ni mjinga. Mama, kama una binti wa namna hiyo, mazungumzo haya ni yake pia.

Hebu sasa tugeukie upande wa pili, kwa sababu najua kuna mama anayesikiliza ambaye tayari amesema, "Basi wangu anao." Ngoja kwanza. Ikiwa ni 5 au 7 katika kila 100, basi 93 au 95 hawana, na wengi wa hao nao ni watundu! Mtoto wa miaka minne anayekimbia siku nzima ni mtoto wa miaka minne.

Anza na umri. Kule Kanada, katika jimbo la British Columbia, watoto wanaoanza darasa moja ni wale waliozaliwa Januari hadi Desemba ya mwaka mmoja. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wavulana waliozaliwa Desemba, wale wadogo kabisa darasani, walipewa jina la hali hii kwa asilimia 30 zaidi ya wale wa Januari. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 70 zaidi. Ugonjwa hauchagui mwezi wa kuzaliwa, mama. Wengine walikuwa wadogo tu. Nasi tunapenda kuharakisha: mtoto hajatimiza miaka sita tumeshamsukuma gredi ya kwanza, kisha tunashangaa kwamba hatulii kama wenzake wa miaka saba.

Halafu kuna tumbo. Katika eneo la Kyeni, Embu, kati ya mwaka 1998 na 2000, watafiti waligawa githeri wakati wa shule katika shule 12. Kundi moja lilipewa githeri yenye nyama, jingine githeri na maziwa, jingine githeri iliyoongezwa mafuta tu, na jingine halikupewa chochote shuleni. Wale wa nyama ndio walioendelea vizuri zaidi katika mtihani wa kufikiri, na hata uwanjani walionekana wachangamfu na wenye kuongoza wenzao. Sisemi ununue nyama kila siku, najua bei. Nasema mtoto aliyekunywa chai ya rangi peke yake saa kumi na mbili asubuhi, akatembea kilomita tatu kwenye baridi ya Kieni, hawezi kumsikiliza mwalimu saa nne. Yai moja, maharagwe, omena, mboga za kienyeji, kikombe cha maziwa: anza hapo.

Mpeleke apimwe masikio na macho. Mtoto ambaye sikio limetoa usaha mara kwa mara huenda hasikii unachomwambia, nawe unadhani anakupuuza. Mtoto asiyeona ubao lazima atazungukazunguka. Angalia miguu pia, msicheke, mtoto mwenye funza hatakaa kwenye kiti hata umfunge kamba. Angalia anavyolala: anayekoroma usiku kucha na kushtuka huamka amechoka, na mtoto aliyechoka hasinzii kama mtu mzima, anakuwa mkorofi. Na kuna aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki. Anazubaa tu sekunde chache, macho yamekodoa, ukimwita haitiki, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Ukiona hivyo, usingoje, nenda hospitali.

Tena kuna nyumba. Nitalisema bila kuzunguka. Mtoto ambaye usiku anasikia kelele za ulevi na vita, asubuhi atakuwa na akili gani ya kujumlisha? Na pombe wakati wa ujauzito, hata ile ya kuonja tu, inaweza kudhuru ubongo wa mtoto akiwa tumboni. Wengi wa watoto walioumizwa hivyo wanapata shida hii hii ya umakini. Mama mjamzito unayenisikiliza, glasi hiyo iweke chini. Na wewe baba, usimpe.

Basi daktari anajuaje kwamba hii ndiyo yenyewe? Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha. Daktari anauliza maswali, tena mengi. Anataka kujua kama dalili zimedumu miezi sita au zaidi. Anataka kujua kama zilianza kabla ya miaka 12. Anataka kujua kama zinaonekana zaidi ya mahali pamoja, nyumbani na pia shuleni, kwa sababu mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja peke yake huenda tatizo liko kwa mwalimu huyo. Na anataka kujua kama zinamharibia masomo, urafiki au usalama wake. Ndiyo sababu nakuomba uende na maneno ya mwalimu, yaandikwe kwenye karatasi. Nenda pia na mtu anayekaa na mtoto mchana, kama ni shosho au dada wa kazi.

Utaniuliza inatoka wapi. Kwa sehemu kubwa ni ya kurithi. Mara nyingi tukiwa katikati ya mazungumzo baba anacheka na kusema, "Lakini mimi nilikuwa hivyo hivyo." Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati naye yuko katika hatari zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walipiga picha za ubongo wa watoto wenye hali hii mwaka baada ya mwaka, wakaona kwamba unakomaa kwa njia ya kawaida, ila unachelewa, kwa wastani miaka mitatu, hasa sehemu ya mbele ambayo kazi yake ni kumzuia mtu na kumpangia mambo. Hebu lifikirie hilo. Mtoto wako ana miaka tisa, lakini breki zake ni za mtoto wa miaka sita. Ungemchapa wa miaka sita kwa sababu hana akili za wa tisa?

Sukari haileti hali hii. Jambo hilo lilipimwa kwa makini, na matokeo ya tafiti nyingi yalijumlishwa mwaka 1995: sukari haikubadilisha tabia za watoto. Ipunguze kwa ajili ya meno. Si laana, si mapepo, na wala si kwamba ulimwangalia mtu vibaya ukiwa mjamzito. Kuhusu kiboko, shuleni kilipigwa marufuku mwaka 2001, ingawa tunajua bado kimejificha katika kabati fulani. Kiboko kinamfanya mtoto huyu atulie dakika tano. Baada ya hapo anasahau alichochapiwa, anarudia, anachapwa zaidi. Nimeona mgongo wa mtoto wa namna hiyo, na sitaki kuuona mwingine.

Nyumbani fanya hivi. Usimpe maagizo matatu kwa pamoja. Msogelee, mguse bega, akutazame, kisha mwambie jambo moja. Akimaliza, msifu hapo hapo, usingoje jioni, halafu mpe la pili. Kazi ya shule aifanye kwa vipande: dakika kumi, aende ateke maji au akimbie mpaka kwenye geti na kurudi, kisha dakika kumi nyingine. Televisheni izimwe. Vitu vyake viwe na mahali pamoja kila siku: viatu hapa, mkoba pale. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha na mlango, na amtume kufuta ubao au kugawa vitabu. Mtoto huyu akipewa kazi ya miguu, kichwa kinapata nafuu. Walimu wengi wakielezwa kwa upole wanakubali. Wewe nenda kwa heshima, usiende kugombana.

Na jihadhari na ajali, maana mtoto huyu anatenda kabla ya kufikiri. Barabara kuu ya Karatina hadi Nyeri, jiko la makaa, maji ya moto, panga lililoachwa uani, kisima kisicho na kifuniko. Wenzake wakiambiwa mara moja wanakumbuka. Yeye umshike mkono, hata kama unaona ameshakuwa mkubwa.

Ukiona umejaribu na hali haibadiliki, anza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, nao watakuandikia barua ya kwenda hospitali ya kaunti, iwe ni Nyeri, Embu, Kerugoya au kwingineko. Usiogope ukiambiwa umwone daktari wa akili. Kwenda huko hakumaanishi mtoto ni mwendawazimu. Kuna pia vile vituo vya elimu vya kupimia watoto wenye mahitaji maalum, ambavyo vimekuwepo nchini tangu mwaka 1984. Uliza katika ofisi ya elimu ya eneo lako. Kazi yao ni kukuambia mtoto anahitaji msaada gani darasani, si kumtoa shuleni.

Dawa zipo, na zimetumika kwa miaka mingi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, kwanza wazazi hufundishwa namna ya kumlea. Kwa mkubwa, daktari anaweza kuanzisha dawa na kumfuatilia: uzito, hamu ya chakula, usingizi, mapigo ya moyo. Usichukue dawa ya mtoto wa jirani hata kama dalili zinafanana. Na usinunue dawa ya kumlaza dukani ili upate kupumzika. Najua umechoka, lakini hiyo si tiba.

Swali ambalo hufika kwetu kila tukigusa jambo hili, kwa simu na kwa ujumbe mfupi, ni kama mtoto ataacha. Wengine hutulia sana wanapokua. Wengine hubaki nayo hata ukubwani, lakini wanajifunza kuishi nayo, na wapo wanaopata kazi za kutembea na kushughulika na watu, ambazo sisi tunaopenda kukaa tungezishindwa. Wale wanaoharibikiwa zaidi ni wale walioambiwa tangu wadogo kwamba hawafai.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya sikio linalotoka usaha na kwa nini usilitilie mafuta ya kupikia. Kama mtoto wako analo, usingoje wiki ijayo, mpeleke kesho asubuhi. Kwaheri kwa sasa.